Shangazi Aliyepauka

Kaka yangu mkubwa,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, halafu wifi yangu, halafu huyo mgeni mdogo aliyewageuza babu na bibi kwa mkupuo mmoja. Kifua kinaendeleaje? Wifi ameniambia bado unakohoa ukitoka kwenye moshi wa karakana, na dawa unameza siku anayokusimamia tu. Mimi hapa sijambo, ila magoti. Magoti yangu siku hizi yana maoni yao kuhusu kila ngazi. Cherehani bado inazunguka, wateja bado wananiletea kitambaa Ijumaa wakitaka gauni Jumamosi, na binti yangu na mumewe wanakusalimu sana.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Simu nimejaribu mara tatu. Kila ukipokea naishia kukuuliza kama kwenu mvua imenyesha, halafu naaga. Basi leo nimesogeza mkasi na chaki pembeni, nimekaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, naandika. Univumilie, unanijua, kufika kwangu ni mpaka nizunguke.

Habari yenyewe ni kwamba nafuga samaki. Usicheke. Mkwe wangu aliona nashinda ndani na haya magoti, akasema mama anahitaji kitu cha kutazama kisicho na matangazo ya biashara. Akaniletea tangi la kioo la maji ya chumvi, na taa yake na pampu yake, akaliweka karibu na dirisha la chumba cha kushonea. Wiki ya pili akaja na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na anemoni wa kukaa nao, yule mnyama wa baharini aliye kama ua lenye vidole. Kaka, nilishika kiuno. Sikuwa nimemwona anemoni tangu yule wa saluni ya Baba.

Huyu wangu alikuwa mweupe pe, kama shela ya bibi harusi. Nikamsifu mno. Nikawaita wateja waje wamwone, na mmoja akaniuliza kitambaa cha weupe ule kinauzwa wapi.

Wa Baba hakuwa mweupe, unakumbuka? Alikuwa wa kahawia, mnene, ncha za vidole vyake zina uzambarau. Yule baharia mteja wake ndiye aliyemwachia tangi zima alipohama, pamoja na mkebe wa kupimia chumvi. Baba akamwita Shangazi, kwa sababu alikuwa akikumbatia huku anachoma. Kila mteja aliambiwa mzaha huo, na kila mteja alicheka, maana wembe ulikuwa shingoni. Naikumbuka saluni ile kuliko hata nyumba yetu. Harufu ya poda. Benchi lenye mguu mmoja mfupi. Watu walikuwa wanamaliza kunyolewa halafu hawaondoki, wanakaa wakimtazama Shangazi akichezesha vidole. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi tisa. Asubuhi Baba alikuwa akikukabidhi tangi: kuongeza maji, kumlisha Shangazi, kufuta kioo. Mimi alinikabidhi fagio nizoe nywele. Ukimaliza kazi yako ulikuwa unanipandisha juu ya kiti cha wateja ili nione vizuri, na ukanifundisha kutogonga kioo. Sijui kama unayakumbuka hayo. Mimi sijasahau hata moja.

Nirudi kwa huyu wangu. Mwezi wa pili alianza kunywea. Mdomo ukawa wazi muda wote, vidole vikawa kama nyuzi zilizofumuka. Mkwe akaniletea fundi anayeuza samaki, kijana mpole, anaongea na tangi kabla hajaongea na mwenye nyumba. Akainama, akatazama, akaniuliza ana weupe ule tangu lini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba tangu kununuliwa. Akasikitika. Akanieleza kwamba ule si urembo, ni njaa. Ndani ya nyama ya anemoni huishi viumbe vidogo mno vya rangi ya kahawia, ndivyo vinavyomlisha kwa kutumia mwanga. Akipata taabu anavitoa, anabaki mweupe, na asipotunzwa anakufa polepole huku watu wakimsifu. Akasema pia tangi lenyewe lilikuwa changa mno, anemoni hawekwi kwenye maji ambayo hayajakomaa. Mkwe wangu alitazama viatu vyake.

Basi nikawa muuguzi. Taa tuliipunguza, kisha tukawa tunaiongeza kidogo kidogo kila wiki. Mara mbili kwa wiki nazima pampu, namlisha kipande cha kamba wa baharini, kidogo kama kichwa cha pini, kwa kibano kilekile ninachotolea nyuzi kwenye pindo. Kikubwa anatapika. Pampu nimeivisha sifongo, maana anemoni hutembea, anaweza kunyonywa akachanika. Siku aliposhika jiwe kwa mguu wake asiachie, nilipiga kigelegele peke yangu ndani ya chumba.

Lakini hakurudisha rangi. Fundi akaja tena, akatumbukiza kipimo chake cha chumvi, akashtuka. Akaniuliza maji yanapopungua naongeza nini. Nikamwambia naongeza maji ya chumvi, si ni kiumbe wa baharini? Akakaa chini kabisa. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto kwamba maji hupaa, chumvi haipai. Chumvi hubaki palepale. Kwa hiyo maji ya kujazia lazima yawe matupu, yasiyo na chumvi hata chembe, la sivyo kila siku inajilimbikiza juu ya ya jana, na wa kwanza kuumia ni anemoni. Kwa macho huwezi kuiona. Maji yanabaki maangavu vilevile.

Sasa ndipo ninapofika, kaka.

Unakumbuka Shangazi wa Baba alivyokufa. Alipauka mwezi mzima. Baba hakuwa na kipimo kama cha fundi, alikuwa na ule mkebe wa baharia tu, na alikuwa na wewe. Ulikuwa unafika saluni kabla yake kumtazama. Ulipunguza chakula, uliongeza chakula, ulimhamishia kivuli. Siku alipoyeyuka na maji kuchacha, Baba alisema mbele ya wateja wote kwamba mikono yako haifai kushika chenye uhai, bora ikashike chuma. Ulikuwa umeshaanza kujifunza mkasi, na kila mtu alijua saluni ile ingekuwa yako. Mwezi huohuo akakupeleka kwa mjomba ukajifunze kuchomelea. Uliondoka na begi moja. Hukujitetea. Ulisema tu kwamba huenda ulikosea kipimo.

Hukukosea.

Ni mimi. Kila jioni, Baba akienda kufunga dirisha la nyuma na wewe ukikung'uta mashuka ya wateja, nilikuwa nachukua chumvi ya jikoni niliyokuja nayo kwenye mfuko wa sare ya shule, kijiko kizima cha kulia, naimwaga nyuma ya lile jiwe kubwa. Mwalimu alikuwa ametuambia viumbe wa bahari huishi kwa chumvi. Na mimi nilikuwa na wivu, kaka. Wewe una Shangazi, mimi nina nywele za watu. Nilitaka nami nimlishe, anizoee, siku moja anifungulie vidole mimi. Alipoanza kupauka nilidhani ana njaa, nikaongeza kijiko cha pili.

Usidhani nimelijua hili leo kwa fundi. Siku ile Baba alipokusema nilikuwa nimesimama na fagio, na mfukoni chumvi ya jioni ile bado ipo. Nilijua. Wote mliniita Kidomo kwa sababu neno halilali mdomoni mwangu, na hilo moja nimelilaza miaka thelathini na minane. Nilikuwa najituliza kwamba huenda ulikuwa ugonjwa, huenda ilikuwa taa, chumvi kwa mnyama wa chumvi ina ubaya gani. Neno hilo, ‘huenda’, ndilo nililokuwa naishi nalo. Sasa fundi wa samaki ameniondolea, na sina tena pa kujificha. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zako nyingi nimezishona mimi.

Na nilipata nafasi ya kusema, tena nzuri. Baba alipokuwa mgonjwa ile mara ya mwisho, ndevu zimemjaa, alikuomba wewe umnyoe. Alikutaka wewe, hakutaka mtu mwingine. Ukamjibu kwa upole kwamba mikono yako si ya kazi hiyo, tukamtafutia kinyozi wa kulipwa. Mimi nilikuwa nimeshika taulo. Nilimwona Baba anavyogeuzia uso ukutani. Neno moja tu lingetosha, na nililimeza. Nadhani alikuwa anakuomba radhi kwa njia pekee aliyoijua, na sisi wawili, wewe kwa kutojua na mimi kwa woga, tukamnyima. Hilo linaniuma kuliko Shangazi, kuliko saluni.

Ningeendelea kunyamaza, sikufichi. Lakini wiki iliyopita wifi alinipigia akicheka, akanisimulia kwamba mjukuu ana mwezi wa tatu na hujambeba hata mara moja. Kwamba wakikuletea unaficha mikono nyuma, unasema mikono ya chuma si ya vitu laini, subirini akue. Yeye anaona ni mzaha wa fundi wa vyuma. Mimi sikuweza kucheka. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yamekuja na mjukuu mwenyewe.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Kasirika kwanza, una haki, na ukitaka kunipigia simu unitukane nitapokea na sitakuuliza habari za mvua. Msomee wifi au usimsomee, ni juu yako. Ninachotaka ujue ni kimoja: ile mikono ilimlisha Shangazi vizuri mpaka mwisho, ikashindana na chumvi usiyoiona, ndiyo maana alidumu mwezi mzima. Nilimuuliza fundi, akaniambia kwa vijiko vile angekuwa amekufa ndani ya wiki mbili.

Huyu wangu sasa anakunywa maji matupu kila asubuhi. Tangu juzi, ukimtazama kwa ubavu taa ikiwaka, kuna wekundu wa chai kwenye ncha za vidole. Kidogo sana. Nikikwambia uwasalimie jirani zako, wasalimie kweli. Wifi mwambie kanga zake nimezipinda, zitakuja na mtu. Dawa ya kifua umeze.

Ukimaliza kusoma hapa, weka barua mezani, kanawe mikono, umpakate mtoto.

Mdogo wako,
Kidomo