Mikunga ya Matsue

Tokyo, 9 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai kifua kimetulia sasa baridi imeondoka huko Noshiro. Mimi mzima, ni uchovu tu. Kazi ya kuongoza watalii unaijua: leo kusini, kesho kaskazini, na kila mzee anataka choo kwa wakati wake.

Wiki iliyopita nilipeleka kundi Matsue. Tulipanda ngome, jioni tukatazama jua likizama ziwani. Karibu na daraja kuna mgahawa wa mikunga ya kuchoma, wale samaki warefu kama nyoka. Mzee mmoja alilamba bakuli, mkewe akamfinya. Nakutumia keki za maharage za huko.

Mwaka huu tena sitaweza kuja kwa sikukuu ya kuwapokea wafu. Safari zimebanana.

Mwanao,
Tatsuhiko

Noshiro, 2 Juni

Mwanangu,

Kifua hakijambo, mgongo ndio haunisikilizi. Wewe unakula vizuri? Keki zimefika, nimegawa mtaa mzima na kujisifu kidogo.

Nilimsomea Bi Hatsue wa jirani barua yako, akatamani, akamvuta mumewe hadi Matsue. Ngome wameiona, ziwa wameliona. Mgahawa wameukuta umepigiliwa mbao. Wenyeji wakasema mwenyewe alifariki mwaka juzi. Bi Hatsue ana adabu, alinieleza macho yakiwa kwenye chai, akasema labda alikosea daraja.

Nimechoka kunyamaza, Tatsuhiko. Uko wapi?

Mama yako

Tokyo, 20 Julai

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kimya changu. Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana.

Goti langu lilikataa ngazi. Wakubwa wa kampuni wakainama sana kunishukuru, wakaniachisha kazi. Ni miaka miwili sasa. Nabeba maboksi stoo, chini ya stesheni, kwenye duka linalouza zawadi za kila mkoa kwa wasafiri waliosahau kununua huko walikokwenda. Keki zako nilizitoa rafu ya tatu. Habari za ziwa nilimuuliza mteja. Mikunga ni ya safari yangu ya mwisho.

Umewaambia majirani kwamba mwanao anaijua Japani nzima. Nirudi kwa uso gani?

Mwanao

Noshiro, 25 Julai

Mwanangu,

Mgongo leo afadhali. Goti lako unalikanda kwa maji ya moto? Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikalia, na sasa nimechoka na vyote viwili.

Tarehe kumi na tatu Agosti nitawasha moto mlangoni kumpokea baba yako. Yeye aliyekufa anarudi kila mwaka. Wewe uliye hai umenishinda. Majirani niachie mimi. Nimeishi nao miaka hamsini, na ya kwao nayajua.

Njoo mikono mitupu. Ukija na boksi lolote sikufungulii.

Mama yako

Tokyo, 9 Agosti

Mama,

Shikamoo. Treni itafika tarehe kumi na tatu, saa tisa alasiri. Usije stesheni, jua kali. Nitatembea polepole, na sitakuwa na kitu mkononi.

Mwanao,
Tatsuhiko