Mke Wangu Anakula Sinia Moja na Wataalamu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo kijiji chetu cha Kwihara kina mkutano na mimi ni mwenyekiti wa kitongoji, watu wananisikiliza, na maneno niliyoyasambaza yameanza kunitia aibu. Mke wangu Julieth ni daktari wa mifugo kwenye kituo cha utafiti tulichokiazimisha ghala letu la zamani la tumbaku, na humo kuna kila aina ya msomi, daktari wa watu, mtaalamu wa misitu, wa udongo, hadi bwana Yahaya ambaye kazi yake ni kuchunguza mila na maisha yetu, na utaratibu wao ni kwamba mchana hakuna kujifungia ofisini na chakula chako, wote wanazunguka sinia moja la ugali na kila mtu anaeleza kilichomshinda.

Mshauri, sitasema uongo, kituo kile nakipenda. Mama yangu aliumwa homa isiyokwisha, tukamtibu malaria mpaka tukachoka, nikajua namzika, kumbe mchana mmoja Julieth akalalamika pale kwenye sinia kwamba ng'ombe wa huku wanatupa mimba, daktari Revocatus akaacha kutafuna akasema mbona na mimi nina wagonjwa wa homa nisiyoielewa, Yahaya akawaambia huku watu wanakunywa maziwa mabichi, wakapima ng'ombe, wakapima watu, ugonjwa ukaonekana ni uleule, na leo mama analima. Siku majibu yalipotoka niliwaona wasomi wale wanarukaruka nje ya ghala, na mimi nikalia.

Lakini baba mdogo Shilinde alipita pale akamkuta Julieth katikati ya wanaume, akaja kuniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, siku hizi mkeo ndiye anayekaa shikome?" na wewe unajua kwetu Wasukuma shikome ni pale wanaume wanapoota moto na kula, basi watu wakacheka, nami kwa hasira nikatangaza kwamba kijiji kichukue ghala lake kiweke mahindi, na wengi wamekubali. Julieth aliniambia tu, "Baba Paskazia, funga. Sitagombana na wewe. Ila usije ukaniuliza kwa nini nimekuwa kimya." Nifanyeje heshima yangu irudi bila kuonekana kigeugeu?

Mahona, Kwihara.

JIBU

Marahaba, ingawa salamu umeisahau. Kucheka kwa watu kunauma, nakupa pole. Pole yenyewe imeishia hapo.

Wewe bwana una mama mzima shambani, halafu unataka kulifunga jiko lililompikia uzima! Daktari Revocatus peke yake angeendelea kuandika dawa za malaria. Mkeo peke yake angeendelea kuhesabu ndama waliokufa. Kila mmoja alikuwa na kipande, na vipande vilikutana kwa sababu watu wale hawaoni haya kusema "hiki kimenishinda" mbele ya wenzao. Nimezunguka maofisi mengi ya wasomi na huo uungwana sijaukuta mara nyingi. Ninyi mnao hapo Kwihara, na mnataka mahali pake muweke mahindi!

Baba mdogo mheshimu, lakini mwambie ukweli: shikome ni mahali pa kuota moto na kufundishana, na Julieth anawafundisha. Akibisha, mpeleke akale nao mchana mmoja. Atanawa mikono kama wengine.

Jumamosi simama wewe mwenyewe, usitume mtu. Sema ulikasirika ukakosea. Kigeugeu ni anayegeuka kwa kuogopa watu, na hilo ulishalifanya ulipochekwa. Kisha pendekeza kituo kibaki na ghala kwa mkataba wa maandishi, kijiji kiwe na mtu wake kwenye lile sinia, na kila baada ya mavuno wataalamu waje mkutanoni waeleze walichopata na kilichowashinda. Mahindi yatafutieni vihenge.

Na heshima yako, Mahona, hakuna mwanaume aliyeichukua pale ghalani. Kinachokuchoma ni kwamba wale wanamuuliza mkeo anafikiri nini, na wewe unamuuliza kwa nini amechelewa. Leo akirudi, muulize ng'ombe aliowaona wana shida gani. Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize.