Atakayeliwasha Gari la Tata

Jumatatu, 9 Juni. Gorong'a.

Waya wa ishirini na tatu. Kijani, kutoka sanduku la fyuzi hadi swichi ya taa za breki. Nimeupima, nimeukata, nimeubandika namba ncha zote mbili. Zimebaki kumi na nne. Zile za zamani zilikuwa zimekauka. Ukizikunja zinapukutika kama maganda ya karanga.

Landrova hii ina sheria yake ya rangi. Kahawia hutoka betri moja kwa moja. Kijani hubeba umeme swichi ikifunguliwa. Nyeusi hurudisha kwenye bodi. Sijakengeuka hata mara moja. Ncha za nyuma bado zinaning'inia, hazijaungwa.

Marwa, mdogo wangu, alipita akielekea zizini. "Dada, unalifumia gari sweta? Baridi ya huku si ya kulitisha." Nilicheka.

Jumatano, 11 Juni.

Niliandike neno la Tata, baba yetu, lisipotee. Alipokuwa amelazwa, wiki yake ya mwisho, alisema: atakayeliwasha ndiye mwenye gari. Kando ya kitanda tulikuwa watatu: Mama, Marwa na mimi. Ninafundisha fizikia Mugumu. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyesomea umeme. Nilielewa kwamba amenitaja bila kunitaja. Kumtaja waziwazi binti aliyeolewa kungezua maneno.

Pasaka Marwa alinipigia simu mwenyewe. "Njoo likizo uliwashe, dada. Ni lako, Tata alisema."

Nalitaka gari hili. Katika boma hili sijawahi kuachiwa kitu.

Jumamosi, 14 Juni.

Nakwenda Ringwani kwenye msiba. Mwalimu mwenzangu amefiwa na mama yake. Siku tatu. Nimeifungua betri na kulifunika gari kwa turubai. Ufunguo nimempa Mama.

Jumanne, 17 Juni.

Nimerudi. Harufu ya mpira ulioungua ilinipokea kabla ya watu. Nyaya tisa zimeyeyuka na kushikamana.

"Panya, dada," alisema Marwa. "Panya wa mwaka huu hawana adabu kabisa."

Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua uso.

Jumatano, 18 Juni.

Ukaguzi tangu asubuhi. Ncha nne za kijani zimesokotwa pamoja na kufungwa kwenye chasi kwa skurubu. Kazi safi, imekazwa vizuri. Panya hatumii bisibisi.

Katika nyumba, waya wa kijani ndio wa ardhi. Katika gari hili, kijani ndiyo yenye umeme. Aliyefunga ni fundi wa umeme wa majumbani, naye alifunga kwa nia njema kabisa. Fyuzi ilikatika, kama inavyopaswa. Mahali pake pamechomekwa msumari. Msumari haukatiki. Zikaungua nyaya.

Fundi wa majumbani hapa kijijini ni mmoja. Sikuwa na haja ya kwenda kwake: kuna aliyemwita. Nilimwendea Marwa, nikamwekea msumari kiganjani. Hakukana.

"Tata alisema atakayeliwasha. Hakukutaja wewe, Robhi."

Kama sentensi, yuko sahihi. Ndicho kilichonichoma zaidi. Alihitaji mikono yangu hadi hatua ya mwisho, kisha hatua ya mwisho iwe yake. Zile ncha zilizobaki ndizo alizozihesabu, si nyaya nilizokwisha kuvuta.

Ufunguo aliutoa Mama. Nilimuuliza kwa nini. "Aliniomba. Ni mwanangu."

Niliiweka plaiza chini. Nimekasirika. Nimeaibika pia, wala sijui kwa nini mimi ndiye niliyeaibika.

Ijumaa, 20 Juni.

Nyaya saba kati ya tisa zimebadilishwa. Ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga. Silali vizuri, sili na watu. Marwa anapita mbali.

Jumapili, 22 Juni.

Saa nane mchana, baada ya ibada, liliwaka. Jaribio la pili. Taa za mbele, za nyuma, indiketa, honi, breki: vyote. Mama alisimama mlangoni. Marwa hakuwepo. Nilikaa kwenye usukani nikaiacha injini ingurume. Kwa dakika kama kumi nilikuwa na gari.

Kisha Marwa aliingia na mgeni mwenye kanzu: Mzee Salumu, mfanyabiashara wa mbao wa Tarime. Nilizima injini, nikashuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Fundi wa Mugumu yuko wapi? Nimesikia mlio tangu kule barabarani, nikasema leo naondoka nalo."

"Fundi ni mimi."

Alitazama mikono yangu, kisha akamgeukia Marwa. "Kijana, wewe mura, tulipopatana kabla ya Pasaka uliniambia fundi. Hukuniambia dada."

"Mzee, fundi si fundi tu?"

Ikadhihirika bila mimi kuuliza. Walikuwa wamepatana kuuziana gari kabla Marwa hajanipigia. Ile simu haikuwa wito wa ndugu. Nilikuwa nimetafutwa kama fundi.

Nilisema neno la Tata, kama lilivyo, bila kuongeza. Nikasema pia nani ameliwasha. Marwa alisema hakuna neno kama hilo. Ni ndoto zangu za shule. Jumatano alilitamka kwa kinywa chake.

Mzee Salumu hakutaka ugomvi. Alimgeukia Mama kwa heshima. "Mama, mimi sinunui kitu chenye maneno. Marehemu alisemaje?"

Mama alifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu.

"Mimi sikusikia neno. Gari ni la kijana. Huyu ni wa kwa watu."

Nilimtazama. Alitazama kuku.

Sikubishana. Shahidi alikuwa mmoja, naye ameshasema. Nilimpa mzee ufunguo na karatasi niliyoandika rangi za nyaya, nikamweleza kwamba kijani si ya ardhi, na kwamba fyuzi ikikatika atafute sababu, asitafute msumari. Alinishukuru mara mbili, kwa haya. Gari likatoka langoni. Nilifungasha nguo.

Jumatatu, 23 Juni. Mugumu.

Usaliti wa Marwa nimeuelewa hadi mwisho: alitaka kitu, akakichukua. Kwa Mama nakwama. Nyumba anamolala ni ya Marwa, jiko ni la mke wa Marwa. Humo hana nafasi ya kusema alisikia. Hoja hiyo naiona ni sahihi kila hatua, na hainipunguzii chochote.

Jumamosi, 28 Juni.

Marwa amepiga simu mara tatu. Sikupokea.

Jumamosi, 5 Julai.

Shule inafunguliwa keshokutwa. Nilikuwa naandaa somo la kidato cha pili Mama alipopiga. Simu ya jirani; alisema yuko shambani, peke yake. Alieleza habari za mahindi, za ndama aliyezaliwa, za goti lake. Nilijibu kila kimoja. Gari hatukuligusa.

Kisha akasema kwa Kikurya, polepole, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Nilisikia, Robhi. Nilimsikia vizuri."

Nilimwambia ayaanike mahindi mapema, mawingu ni mengi. Akasema sawa.