Aliniomba Nisimwone, na Picha Yake Ninayo

Mpendwa Bi Lulu,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uniwie radhi kama barua itakuwa ndefu, maana mimi ni mtu wa kuandika kuliko kusema, na jambo hili sijamwambia mtu yeyote kwa ukamilifu, kila mmoja nimempa kipande chake. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Bagamoyo. Napenda kusoma na napenda kupiga picha za watu wakiwa barabarani katika shughuli zao, si za harusi wala za pasipoti, yaani mtu akifunga mzigo, akisubiri chenji, akiwaza.

Mjomba wangu Mikdad ndiye mpiga picha wa harusi, naye hutembea na begi la mgongoni lenye kamera mbili, lenzi nene kama chupa za chai, taa na ile miguu mitatu ya kusimamishia, mpaka wenye shughuli humtania wakimuuliza kama amekuja kupiga picha au amehamia. Kamera yake ya zamani, ndogo ya kuenea kiganjani, alinipa mimi. Mwanzoni niliitundika shingoni nikaenda nayo sokoni kwenye samaki, na kila nilipofika watu walibadilika. Vijana wanaopara samaki waliniita, "Mwandishi wa habari, tuandike na sisi, andika tuna njaa," mzee mmoja akajifunika uso kwa kofia yake, na mama anayekaanga pweza akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na nani amenituma. Bi Lulu, niligeuka nikakimbia, nikarudi nyumbani bila picha hata moja na nikalia.

Ndipo nikaanza kupunguza. Niliacha begi, nikaacha mkoba wa kamera, nikabaki na lenzi moja fupi isiyotokeza, nikabandika utepe mweusi juu ya lile jina la kampuni linalong'aa, nikazima sauti, na betri ya akiba nikaitia kwenye mkebe wa jometri. Kamera yenyewe niliiweka ndani ya kikapu cha ukili cha bibi, nikafumua ubavuni nafasi ndogo ya lenzi kuonea, na juu nikapanga mafungu ya mchicha. Tangu hapo hakuna aliyeniangalia tena, maana msichana mwenye mchicha haangaliwi na mtu. Sijui kama utanielewa, lakini mimi siwezi kumtazama mwalimu machoni hata ninapolijua jibu, na kwa kikapu kile niliweza kumtazama kila mtu kwa muda nitakao, nikajua nani hucheka peke yake na nani huombea dua mzigo wake kabla ya kuubeba. Nilihisi kama nimepewa ruhusa ya kuwemo duniani.

Sasa nije kwenye lenyewe. Mtaani kwetu yupo Bi Mwanabaraka, ambaye mumewe Mzee Muhidini alikuwa fundi cherehani na amefariki karibuni, kwa hiyo yeye yuko eda. Kwetu mjane wa eda hatoki nje, na upande wa mumewe wamelishika sana jambo hilo, hasa Bwana Mwinjuma, mdogo wa marehemu. Mama yangu anasema hapo si dini peke yake, kuna kibanda cha cherehani ambacho Bwana Mwinjuma anadai ni cha ukoo na Bi Mwanabaraka anasema mumewe alikijenga kwa mikono yake, na kwamba shemeji huyo anangoja tu mjane ateleze ili apate la kusema mbele ya wazee.

Asubuhi moja mapema nilikuwa natoka kununua mkate na kikapu changu, mtaa mtupu, jua likiingia moja kwa moja kutoka upande wa bahari, nikaona mlango wa kile kibanda uko nusu wazi. Ndani alikuwa amekaa Bi Mwanabaraka kwenye stuli ya mumewe, na nguo zake nyeupe za eda, buibui likiwa magotini, na alikuwa ameshika kanzu ya mteja ambayo marehemu aliiacha imeshonwa mkono mmoja tu. Alikuwa ameupitisha mkono wake mwenyewe ndani ya ule mkono wa kanzu, ametulia, anautazama. Jua lilimfika nusu ya uso. Nilibonyeza bila hata kufikiri.

Kisha akainua macho akaniona. Nikamwamkia. Akatazama mtaa juu na chini, akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Adila, mwanangu, hujaniona."

Nikamjibu, "Sijakuona, mama."

Akaniambia Mungu anikuze, akavaa buibui lake, akafunga mlango, akapita uchochoroni kurudi kwake. Mimi nikabaki pale na kikapu changu, na nilihisi kimekuwa kizito ingawa ndani hapakuongezeka kitu.

Baada ya hapo mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Abdulnasir, alitangaza maonesho ya picha za vijana wa pwani yatakayofanyika ukumbini hapa hapa mjini, akataka wenye picha tumpelekee achague. Nilimpa kadi nzima ya kamera, akanakili picha zote. Sitaki kukudanganya kwamba niliisahau ile picha, sikuisahau, niliiacha humo makusudi nikijiambia kwamba kama hataichagua basi si kosa langu, na akiichagua basi si mimi niliyeichagua. Ameichagua hiyo. Alisema tangu aanze kufundisha hajaona mwanafunzi aliyeleta kitu kama hiki, na kwamba itachapwa kubwa na kutundikwa mbele, mlangoni. Yeye ni mtu wa Mapinga, hamjui mama yule. Anachongoja ni neno langu tu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mjomba Mikdad nilimwonesha pia. Yeye anasema uso uko nusu kivulini, hakuna atakayemtambua, na kwamba mpiga picha akianza kuomba radhi kwa kila aliyempiga atabaki kupiga mawe ya magofu ya Kaole. Lakini mimi najua kwamba mtu yeyote wa mtaa wetu ataujua mlango ule kabla hata hajaufikia uso. Nimefikiria kuikata mlango usionekane, lakini nikiukata, mwanga unakufa. Nimefikiria kuifuta kimyakimya, na kila nikiweka kidole, kidole hakiendi, maana ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Na nimefikiria kwenda kumwambia, lakini nikimwambia atajua ninachobeba kwenye kikapu, na akijua yeye mtaa mzima utajua, na mimi nitarudi kuwa yule wa kuulizwa ametumwa na nani, na sidhani kama nitapiga picha ya mtu tena maishani. Nifanye nini, Bi Lulu? Kama mlango hauonekani na jina halitajwi, je, bado nitakuwa nimemwona?

Wako mtiifu,
Adila

BI LULU ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Kabla ya yote, ujue kwamba jina ulilotia sahihi si hilo lililochapwa hapo juu, na wote uliowataja nimewabadilisha majina. Mtaa nimeufuta. Kazi ya marehemu nimeibadilisha, na kile alichokuwa amekishika mkewe pia si kanzu. Hata kikapu, msomaji asihangaike kukitafuta. Nimefanya hivyo kwa sababu barua yako, kama ulivyoileta, ilikuwa picha ya pili ya mama yule, na hii ungeitundika gazetini. Hukuliona hilo, nawe ni mtoto mwenye akili. Basi jifunze kutokana na hapo jinsi jicho linavyojisahau likipenda linachokitazama.

Pole, lakini. Kuona haya si ugonjwa, na ulivyojipunguzia mizigo nakusifu. Kamera ndogo, lenzi moja, betri kwenye mkebe, hayo ni maarifa, na mjomba wako angekusikiliza mgongo wake ungepona. Endelea hivyo hivyo. Ila wewe umechanganya mambo mawili. Wepesi ni kwa faida ya miguu yako na kwa raha ya watu, wasitishwe na mtu aliyejaa vyuma. Kujificha ni kitu kingine. Ulifumua ukili ili uwaone watu ambao hawakuoni, ukaiita ruhusa. Nani aliitoa?

Na yule mama wa pweza unamwonea bure. Amekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Mwanangu, hapa pwani hilo si kukufukuza, ndiyo karibu yenyewe. Ungemtajia mama yako, angekwambia alisoma naye madrasa au wamegombana kwenye harusi fulani, angekupa kipande cha pweza, na kesho yake ungepiga picha mpaka uchoke. Wewe umekimbia mlango uliokuwa unafunguliwa.

Sasa Bi Mwanabaraka. Ya eda, nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, waulizwe masheikh, mimi si mahali pangu. Mimi najua mambo ya ujirani. Mama yule amefiwa, anachungwa na shemeji, alipata nafasi ndogo ya kukaa alipokuwa akikaa mumewe, na aliyemkuta pale ni mtoto wa jirani. Hakukutukana wala hakukutisha. Alikukabidhi heshima yake yote kwa neno moja, nawe ukaipokea kwa neno moja. Umeniuliza kama, mlango usipoonekana, bado utakuwa umemwona. Ulimwona, na Mwalimu ameshamwona, na mjomba wako ameshamwona, wanaume wasiomhusu, akiwa na nguo za eda, na mama mwenyewe hajui. Hilo la kumpa mwalimu kadi nzima ili achague kwa niaba yako silitolei maelezo, maana umeshalieleza vizuri mwenyewe. Usilirudie maishani mwako.

Fanya hivi. Kesho ukifika shule, mwambie Mwalimu Abdulnasir unaiondoa picha hiyo na aifute popote alipoihifadhi. Usimtajie ni nani wala kisa chake. Sema, "Sikuomba ruhusa," inatosha, na kama ni mwalimu wa kweli hatauliza tena. Atasikitika. Msikilize akisikitika, halafu mpe picha nyingine. Mjomba wako naye mwambie hivyo hivyo, na akikutania kuhusu mawe ya Kaole, cheka naye, lakini simama hapo hapo.

Usiifute ya kwako kwa siri. Najua ungependelea hivyo, kwa sababu ungebaki na kikapu chako na hakuna ambaye angejua. Lakini ulimpiga bila yeye kujua, ukampeleka kwa watu bila yeye kujua, na ukimfuta bila yeye kujua itakuwa mara ya tatu unamwamulia mwanamke mzima mambo yake.

Nenda kwake baada ya alasiri, saa ambayo wanawake humtembelea mfiwa. Mama yako usimchukue, maana siri ya watu wawili haihitaji shahidi. Kama kuna wageni, kaa, msaidie kuosha vikombe, ungoje waondoke. Kamera nenda nayo mkononi, ikiwa imezimwa, uiweke mkekani anapoiona. Mwamkie, mpe pole tena, kisha sema, "Mama, siku ile nilikwambia sijakuona. Nilikuona, na nilikupiga picha, na watu wawili wameiona." Hapo nyamaza. Usimwambie habari za mwanga, wala maonesho, wala kwamba ni nzuri. Akikasirika, usijitetee. Akilia, usiondoke. Akitaka kujua ni watu gani, mwambie. Halafu muulize kama anataka kuiona.

Unaogopa mtaa utajua. Huenda kweli mtaa ukajua. Mtu mwenye siri yake mikononi mwako si mwepesi wa kutangaza yako, lakini hata akitangaza, utakuwa msichana wa mtaa huu anayepiga picha, na watu watakuuliza maswali, na utayajibu kwa sauti ndogo mpaka sauti izoee. Nimewaona wanaoona haya wakiwa hodari wa kazi hii, kwa sababu hawamkatizi mtu. Ziba kikapu cha bibi yako. Kamera ivae shingoni au mkononi, ndogo hivyo hivyo, nyepesi hivyo hivyo, ila ionekane.

La mwisho, na hili lishike kuliko yote. Sisi watu wa pwani hatujui kumwambia mtoto wa jirani hapana mbele ya uso wake. Inawezekana ukataja maonesho, au akayasikia mwenyewe, akakwambia, "Haya mwanangu, kama itakusaidia huko shuleni, peleka." Hiyo si ruhusa, Adila, hiyo ni adabu, na wewe ihesabu kuwa ni hapana. Mtu anayeruhusu kweli huuliza: itatundikwa wapi, shemeji yangu atapita hapo, eda yangu itakuwa imekwisha siku hiyo? Usipomsikia akiuliza lolote, mpe kamera aishike, mwoneshe kitufe cha kufutia, na kidole kitakachobonyeza kiwe chake.