Salamu Ulizonituma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Nasikia huko mvua haikatiki, na najua baridi ikiingia wewe ndiye wa kwanza kusema huumwi. Vaa soksi, mama, usibishe. Mimi mwili ni mzima. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama hapohapo mlangoni, na mwisho wake, kama barua zako zote tangu vita viishe, umeniambia nikimwona kaka nimsalimie.

Uliuliza mchango wetu wa kumshtaki Mkuu umefikia wapi. Mkuu mwenyewe, aliyeamuru watu wetu wapakiwe malori wakati wa vita, analala usingizi wake. Ana duka la saruji mjini na watu wanampa mkono. Wafadhili wa ng'ambo walituchoka, wakasema kesi za vita ni nyingi duniani na fungu lao ni dogo. Tukabaki sisi wenyewe. Bi Mikate, yule mwokaji ambaye mumewe alipakiwa lori moja na kaka, aligeuza jiko lake kuwa ofisi yetu, na faida yake yote ikawa ya kesi. Kinyozi akaweka kopo mbele ya kioo. Nawe ukauza cherehani yako kubwa. Nilipokuuliza sasa utashonea nini, ulinijibu kwamba mwanao aliruka lile lori njiani na yuko hai huko aliko, ila wana wa wenzio wamelala shimoni bila wa kuwasemea. Niliwasomea wenzangu maneno hayo, Bi Mikate akalia mpaka trei nzima ikaungua. Tuliila ile mikate na tukaisifu.

Hela zilitosha kufukua shimo. Za kulinganisha mifupa na damu ya ndugu hazikupatikana, kwa hiyo zimebaki nguo tu. Mkuu anadai ile ni mifupa ya zamani, ya watu waliokufa kwa tauni enzi za mababu. Hakimu ametutaka tulete hata mmoja, aliyeonekana akipandishwa lori siku ile, tumtambue bila shaka yoyote. Tukishindwa, kesi inafungwa na Mkuu anakwenda zake.

Basi wakili wetu katuwekea sharti. Anasema jicho lenye msiba huona wake kila mahali. Kuna mama mmoja alimtambua mumewe kwenye makoti matatu. Kwa hiyo kila familia humweleza wakili nguo za mtu wao kabla ya kuona chochote, halafu anayepita mezani kuzitafuta ni mtu wa familia nyingine. Ukikiona cha kwako, unafunga mdomo. Ukimweleza ndugu yako hata neno moja, wakili wa Mkuu atasema tumefundishana, na yote yamekwenda na maji. Mimi nilipewa mume wa Bi Mikate. Familia iliyokataa kutoa maelezo ni yetu tu, mama. Ulimjibu wakili kwamba maelezo ya namna hiyo hutolewa ya maiti, mwanao si maiti, na asikuletee mkosi nyumbani. Siku ile tulicheka, na mimi nilicheka kuwashinda wote.

Jumanne niliingia kwenye chumba cha nguo. Ni darasa la zamani. Madawati yameunganishwa na kutandikwa karatasi nyeupe, madirisha wazi kwa sababu ya harufu ya udongo. Nilitafuta shati la mistari la mume wa Bi Mikate, sikuliona. Nikafika meza ya mwisho, karibu na ubao.

Mama, siwezi kukwambia kilikuwa nini. Wala rangi, wala kilikaaje. Nilipotoka, Bi Mikate aliniuliza kama nimempata mumewe, nikatikisa kichwa, akanikumbatia akidhani nalia kwa ajili yake. Jamani, moyo wangu! Tangu siku hiyo nina kaa la moto mdomoni, silimezi wala silitemi.

Ninachoruhusiwa kukuomba ni hiki. Jumamosi wakili atakuja kwako. Mfungulie, mpe kiti. Mweleze kaka alitoka nyumbani amevaa nini asubuhi ile, kila ulichoshona na kila ulichotia kiraka, usiache kitu. Usinijibu mimi kwanza, wala usiniulize. Najua nakuomba nini. Nakuomba uache kumngoja, nawe kumngoja ndiko kunakokuamsha asubuhi. Ukikataa sitakulaumu, mama, naapa. Mkuu atarudi kuuza saruji yake, na mimi nitanyamaza mpaka nife.

Lakini ile cherehani hukuiuza kwa ajili ya wana wa wenzio peke yao.

Mwambie mama mdogo aje alale kwako siku hizi, asikuache peke yako. Majirani wote wasalimie, hata yule mdaku. Bi Mikate anakusalimu sana, hajui kitu. Na zile salamu zako za kila barua, mama, Jumanne nimezifikisha.

Ni mimi,
kitindamimba wako