Nimgawie Fundi Dawa ya Mwanangu?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na unisamehe mwandiko, shule niliiacha mapema, lakini kabla ya yote nashukuru binti yangu yu hai, maana kifua kikuu kilimlaza akawa wa kugeuzwa kama mtoto mchanga, na vile vidonge vingi kila akimeza anavitapika, mpaka zahanati wakamwingiza kwenye majaribio ya dawa mpya, muuguzi akatuambia imefungwa ndani ya vibebeo vidogo mno, jicho halivioni, vinaipeleka hadi vijidudu vinapojificha mapafuni na kuiachia kidogo kidogo, kwa hiyo anameza mara chache tu, mwanangu kwa utani husema, "Mama, hivi vina anwani, vinajua mlango wa kubisha hodi," na sasa amerudi karakanani kupiga msasa meza na anakula hadi ukoko.

Sasa mshauri, ndugu walipotukimbia, jirani yetu fundi cherehani hakukimbia, alileta uji, akafua mashuka, akamchekesha mwanangu kwa visa vya wateja wanaosema nguo ndiyo imepungua, si wao walionenepa, na leo huyo Fundi ndiye anakohoa, anakonda, na zahanati hataki, anasema wateja wakimwona kwenye benchi lile la kando ya barabara nani atamletea nguo, juzi akaniambia, "Dada, mtoto si ameshapona, nimegee mbili tatu," nami nikashindwa kumtazama usoni, nikasema tukichukua dawa nyingine nitamtolea, na tangu hapo moyo hautulii, nikimnyima nimekosa shukrani, nikimpa namwogopea mwanangu.

Mama wa Mpiga Msasa

Mama wa Mpiga Msasa,

Jirani kama huyo ni zaidi ya ndugu, na shukrani zako ni za haki. Lakini ahadi uliyompa ivunje leo, kabla hujainjika chungu.

Binti yako amepata nafuu. Kupona atatangaza daktari, si ukoko. Kila kapsuli yake inafanya kazi ya siku nyingi, hivyo ukitoa moja hujamega tonge, umeondoa sahani nzima, na vijidudu vikipata mwanya vinarudi vikiwa sugu. Tena dawa hiyo bado inajaribiwa. Binti yako anafuatiliwa na wataalamu. Fundi atafuatiliwa na nani, wewe na mwiko wako?

Fundi hajapimwa, hatujui hata anaumwa nini. Ila alishinda chumba kimoja na mgonjwa wako. Sikulaumu, nakuharakisha. Nyote mliokuwa mle ndani mkapimwe, nawe ukiwemo. Akikutwa na kifua kikuu atapewa dawa zake mwenyewe, na hata zile za kawaida zinaponya, mradi azimeze hadi mwisho. Hapo ndipo zamu yako ya uji na mashuka itakapofika.

Kesho asubuhi mgongee mlango. Usimtume, nenda naye. Kwenye benchi analoliogopa, yeye akae upande wa ukutani, wewe ukae upande wa barabara. Wateja wakipita, watakuona wewe.