Kaka Dionizi, Siti ya Mbele Sasa Ina Mtu

Mwaka umetimia, kaka Dionizi, tangu gari ulilolipenda likurudishe Mpanda ukiwa umelazwa nyuma, palepale ulipozoea kuwalaza wajawazito wa Mwese uchungu ukiwazidi. Tulikuwa uani tunachambua maharage. Tuliposikia mlio wake, wifi Bibiana akanyanyuka kukubandikia maji ya kuoga, maana alijua mumewe amerudi. Maji yale yalichemka mpaka yakakauka, sufuria ikaungua, na hakuna aliyeyakumbuka.

Watu wa gazeti walituambia tangazo la kumbukumbu liwe fupi. Kalamu nimepewa mimi, dada yako Specioza, na unanijua, ufupi sikuzaliwa nao. Wakitaka kukata wakate. Ila habari ya siti ya mbele waiache, kwa sababu kuna watu wazima leo ambao kesho huenda wasiwe wazima.

Ulikuwa mtu mwema na ulikuwa mtu mfupi, na vyote viwili tunavitaja kwa sababu vyote viwili vimo kwenye kifo chako. Ili uone barabara ulikalia blanketi lililokunjwa, ukavuta kiti mbele mpaka mwisho, kifua kikawa kinagusana na usukani. Tulikutania kwamba gari linajiendesha lenyewe, limevaa kofia tu. Ulicheka ukaendelea na safari zako. Mkanda wa dereva ulishakatwa zamani kufungia magunia ya mahindi, na kati yetu sote hakuna aliyeona kwamba hapo kuna kosa.

Wema wako wanaujua zaidi kule milimani. Mzee Manyanda aliponunua lile gari kuukuu la kijapani kwa ajili ya biashara yake ya ng'ombe, ni wewe uliyemshawishi kwamba likienda Mwese lisirudi bila mgonjwa. Ukaweka sheria yako: mjamzito anakaa mbele, kwa sababu mbele hakurushi sana. Uliwahi kumshusha diwani akapande nyuma na mbuzi wake. Akakununia mpaka Pasaka, na wewe hata habari hukuwa nayo. Hiyo sheria yako, kaka, tuliisifu kanisani siku ya kukuzika. Hatukujua tunachokisifu.

Halafu kuna ile taa. Wasomaji waelezwe, maana huku kwetu hata mtoto anaijua. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyekaa, na mbele ya tumbo lake duara kubwa. Ukiwasha gari inawaka kidogo kisha inazima. Mpanda nzima tuliiita taa ya mjamzito. Sasa siku moja ulimpakia Leticia wa Kasokola, mwenye mimba ya mapacha, taa ikawaka na haikuzima tena. Mlicheka njia nzima. Ulimwambia, "Unaona mama, hata gari limekuona." Leticia alijifungua salama, na kuanzia hapo wanawake wakawa wanataka kuiona taa ikiwaka ndipo wapande. Ulikuwa ukiifuta vumbi kwa kidole kila asubuhi. Fundi Jonas alipoangalia alikuta breki nzima, gia nzima, injini nzima. Akasema taa ya namna hiyo haimzuii mtu safari.

Siku ile ya mwisho ulikuwa unamleta mjamzito mwingine wa Mwese, Kabula. Uchungu ulishamkolea, akashindwa kukaa mbele, ukamlaza nyuma na mama yake. Mvua ilikuwa imekata njia pale kwenye mteremko, mtaro mdogo tu, umeupita mara nyingi. Kabula ametusimulia mara nyingi mpaka sasa anasimulia akiwa amefumba macho. Alisema ulikuwa unatembea taratibu mno, ukawaambia, "Shikilieni nyie, tunashuka kidogo." Tairi za mbele zikadumbukia, bomba la chuma walilochomelea mbele kwa ajili ya ng'ombe likagonga ukingo. Pakalia kama bunduki. Gari likajaa vumbi jeupe. Mama yake alipokuita hukuitika.

Watu wa kwanza kufika walikimbia. Waliona kitambaa cheupe kimetoka katikati ya usukani kikakulalia kifuani, wakadhani ni sanda. Kabula akajifungulia humohumo kwenye gari, mikononi mwa mama yake. Wanaume waliporudi wakalisukuma likatoka mtaroni, na katekista Malale, ambaye maisha yake yote alikuwa ameendesha trekta tu, akalileta mpaka mjini. Wewe nyuma. Kabula na kichanga chake mbele, kama sheria yako ilivyotaka. Mtoto ni wa kiume, anaitwa Dionizi, na sasa anasimama dede.

Gari lenyewe halikuumia. Hilo ndilo limetutesa. Kioo kizima, taa zote nzima, na wewe umekufa. Watu wakaanza maneno yao, huyu amerogwa, huyu kaona kivuli, na wapo waliomtazama wifi Bibiana kwa jicho ambalo sitawasamehe. Mzee Manyanda alilia kuliko sisi, akatoa dume zima la matanga. Kisha Jonas akakikata kile kitambaa kwa kisu, akaufunika usukani kwa ngozi ya ng'ombe akaushona vizuri kabisa, gari likarudi kazini. Na aliyepewa ufunguo, kaka, ni mwanao Method.

Bibiana alikataa. Tangu umwoe hatujawahi kumsikia akipaza sauti, lakini siku hiyo majirani walisikia. Method akamjibu kwa upole, amechukua upole wako. "Mama, kule Mwese nani mwingine ana gari? Baba angekataa?" Mama mtu alijua usingekataa.

Basi wifi akaanza kutafuta kilichokuua. Alimuuliza Jonas, Jonas akainamisha kichwa. Alimuuliza kila dereva aliyeshuka na treni kutoka Tabora. Mwishowe akampata Pontien, yule Mrundi wa Katumba anayeendesha magari ya shirika moja la wakimbizi. Pontien akaja uani kwa mzee Manyanda mchana, akaingia kwenye gari, akaipapasa ile ngozi, akashuka.

"Huu ni mfuko wa upepo, mama," alisema. "Gari likigonga unafumuka, umzuie mtu asijipige kwenye usukani. Lakini unafumuka kwa baruti. Mtu akiwa ameukumbatia, unampiga yeye."

"Aligonga mtaro tu."

"Najua. Haukutakiwa kufumuka kwa mtaro. Ulikuwa na ugonjwa, na gari lilikuwa linawaambia. Hakuna taa iliyokuwa inawaka bila kuzima?"

 Wifi akauliza kwa sauti ndogo, "Ile ya mjamzito?"

Pontien hakumwelewa mpaka alipomchorea kwa kijiti ardhini. Akatikisa kichwa. "Pale hapana mjamzito, mama. Huyo ni mtu yeyote aliyekaa. Na hilo duara ndiyo huo mfuko."

Bibiana akaketi palepale kwenye oili iliyomwagika. Alikuwa anakuona, alituambia baadaye, anakuona unaifuta ile taa vumbi kwa kidole. Lakini Pontien alikuwa bado hajamaliza. Alikwenda upande wa pili, akagusa dashibodi mbele ya siti ya abiria.

"Na hapa kuna mwingine," alisema.

Mbele, kaka. Pale ulipowakalisha wote, Leticia na mapacha wake tumboni, na wale wengine hata majina yao hatuyajui. Pale Kabula alipokaa na kichanga cha saa moja kifuani.

"Utoe," wifi alimwambia.

"Mimi ni dereva tu. Nikikosea waya mmoja unanifumukia usoni. Huu unataka mtu aliyefundishwa. Labda umeshakufa, labda unangoja mtaro mwingine. Siwezi kukuapia."

Kuanzia siku hiyo wifi hajalala vizuri. Alimfuata mzee Manyanda, akampigia magoti, mwanamke mzima, mjane wa mtu aliyemfanyia kazi kwa uaminifu. Alimwomba gari lisimame mpaka apatikane mtu wa kuutoa. Mzee yule si mbaya, tuseme ukweli. Alimshika mkono akamwinua. "Mama Method, nina dume kule Kasansa lililowahi kumpiga mtu pembe. Bado linalima mpaka leo, na halijamgusa mwingine." Bibiana akamwambia gari si dume. Mzee akasema sawa, masika yakiisha atalipakia kwenye treni liende Tabora watalifungua. Lakini kabla hayajaisha, alisema, nani atamnyima mama wa Mwese gari? Wifi akaenda kwa Jonas naye, Jonas akang'oa waya mmoja akauzungushia plasta, na alipoombwa aape kwamba mfuko umekufa akakataa kuapa. Ile taa aliitoa balbu. Haiwaki tena, na hilo halijatutuliza hata kidogo.

Miito ya wagonjwa ikawa inakuja kama ulivyoizoea. Sista Capitoline wa zahanati ya Mwese akapiga redio ya misheni: mama amekwama, mtoto amekaa vibaya, leteni gari. Method akaja kuaga mchana, koti lako begani. Mama yake hakubishana naye. Akaingia chumbani, tukasikia kitanda kikilia, akatoka amejitwisha godoro. Lile godoro lenu, kaka, la ndoa. Akalitandika nyuma ya gari akalifunga vizuri, kisha akazunguka akapanda mbele, akafunga mlango.

"Mama, shuka," Method alisema.

"Siti hii ina mtu."

"Sasa mgonjwa atakaa wapi?"

"Atalala kwenye godoro. Hapa hakai mwanamke mwenye tumbo tena, wala mwenye kichanga. Nitakaa mimi."

"Na huo mfuko ukifumuka?"

"Ndiyo maana nakaa mimi. Na wewe rudisha hicho kiti nyuma, utoe kifua kwenye usukani. Endesha ukijua aliyekaa hapa ni mama yako."

Method alilia, kaka. Tulimwona kupitia dirishani anajifuta kwa mkono wa koti lako. Kisha akasogeza kiti nyuma, akawasha gari.

Tangu siku hiyo hakuna safari ya Mwese ambayo wifi hayumo. Mahindi yake yamemezwa na majani huko Kasokola, tunampalilia sisi tunapoweza. Usiku analala kwenye mkeka. Wapo mjini wanaosema amechanganyikiwa, ana raha gani ya kuzurura na gari lililomuua mumewe. Nimewajibu baadhi yao, na majibu yangu gazeti lisingeyachapa. Wao hawajamwona anavyorudi. Anashuka mikono imekakamaa kwa kushikilia, midomo mikavu, anauliza kwanza kama mgonjwa amefika wodini, ndipo anaomba maji. Wote aliowaleta wako hai. Kila safari tunahesabu ni pumzi tu aliyoazimwa.

Kwa hiyo kumbukumbu hii, kaka, ni yako, lakini pia ni kilio chetu kwa wanaoisoma. Mwenye gari lenye taa hiyo, yenye picha ya mtu na duara, asiipuuze ikigoma kuzima. Mfupi asiukumbatie usukani. Na kama yupo popote fundi aliyefundishwa kuitoa mifuko hii, awe Tabora, awe Mwanza, awe Dar es Salaam, tunamwomba kwa jina la Mungu apande treni aje Mpanda. Aulize kwa mzee Manyanda. Asingoje masika yaishe.

Tunamkumbuka baba aliyepiga honi kona ya kanisa ili watoto wakimbilie lango. Tunamkumbuka mtu aliyekula ugali wa baridi bila kuuliza, kwa sababu alijua wenzake wamechoka. Unakumbukwa na mama yako mzazi Immaculata, ambaye bado anakuwekea kiti. Unakumbukwa na sisi dada zako Specioza na Dorotea, na binti yako Kashinje. Unakumbukwa na Kabula na mwanaye Dionizi, waliokuja tangu jana na kuku wa sadaka. Misa imesomwa asubuhi Kasokola.

Mkeo Bibiana na mwanao Method tulitaka kuwataja wa kwanza. Hawakuwahi misa. Redio iliita kabla hakujapambazuka, na tunapofunga maneno haya mvua inanyesha milimani na hao wawili wako kwenye mteremko wako, mama mbele, godoro nyuma.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Dionizi. Ila hao wawili, tafadhali, tuachie.